Maumivu Yalipokata

DAKTARI IBTISAM: Haloo? Ni nani? Mzee Sallam?

MAMA GHUSUN: Mimi mkewe. Simu kaisahau nyumbani. Nani mwenzangu?

DAKTARI IBTISAM: Ibtisam, mama, daktari wa zahanati. Salaam aleikum. Ghusun yuko wapi? Baba yake kamchukua hata sijamaliza kumpima!

MAMA GHUSUN: Aleikum salaam. Tulia, mwanangu! Kapona. Bibi mchomaji, yule mganga, kamgusa chuma cha moto tumboni, maumivu yakakata. Kalala, maskini.

DAKTARI IBTISAM: Yalikata... ghafla?

MAMA GHUSUN: Ghafla! Nimechinja na kuku.

DAKTARI IBTISAM: Mama, yalianzia wapi? Mimi nimeandika "tumbo zima". Ndivyo alivyojibu baba yake.

MAMA GHUSUN: Sallam anajua nini zaidi ya mirungi yake? Yalianzia kitovuni, juzi. Jana yakashuka huku chini, kulia. Si nalala naye mimi?

DAKTARI IBTISAM: Na hukusema—

MAMA GHUSUN: Niliachwa nje ya zahanati. Nani aliniuliza?

DAKTARI IBTISAM: Haya. Mshike tumbo. Polepole.

MAMA GHUSUN: [mtandao unakwaruza] ...Daktari. Gumu. Gumu kama kibao cha mkate. Na jasho, la baridi—

DAKTARI IBTISAM: Hajapona, mama. Kidole tumbo kimepasuka, ndiyo maana maumivu yakakata. Usaha umemwagika ndani.

MAMA GHUSUN: Usinambie hivyo! Chuma kile—

DAKTARI IBTISAM: Nisikilize! Hospitali ya mjini wamenikatalia. Eti kwa "tumbo zima" hawamwiti mpasuaji. Sasa nawaandikia maneno yako, neno kwa neno. Watampokea, nakuapia. Gari liko wapi?

MAMA GHUSUN: Ufunguo anao Sallam. Yuko harusini, barazani kwa wanaume. Mwanamke hakanyagi mle.

DAKTARI IBTISAM: Mama, nakuomba—

MAMA GHUSUN: Nimekusikia! [mlango, pumzi, ngoma inakaribia] Ya Rabi, mwanangu wee... Nipisheni! Wewe Hizam hapo mlangoni, nipishe, mgongo huu ulikubeba! Sallam! Ufunguo! Aibu yako itakungoja, inuka!

DAKTARI IBTISAM: Kakupa?

MAMA GHUSUN: [ngoma zimenyamaza] Wote wananitazama... Anainuka. Anainuka, daktari!

DAKTARI IBTISAM: Alhamdulillahi. Asile, asinywe, hata tone. Msogezee simu nisikie anavyopumua.

MAMA GHUSUN: Nani?

DAKTARI IBTISAM: Ghusun!

MAMA GHUSUN: Si nimemwacha nyumbani? Kalala.

DAKTARI IBTISAM: Ulipomshika tumbo... hakuamka?

MAMA GHUSUN: Kalala... kalala tu.

DAKTARI IBTISAM: Mama? Hakulia? Hata kugeuka?

MAMA GHUSUN: ...Hakuamka.

DAKTARI IBTISAM: Salio linakwisha. Kimbia, mama. Kimb—