Fundi Anahesabu, Mkewe Anafanya

Jirani wa fundi cherehani anaapa kwamba kuna mzee aliyepasuliwa mgongo, akainama kuokota kandambili, skrubu alizofungwa mgongoni zikamchomoka zikagonga bati la paa. Fundi mwenyewe, naye kapasuliwa mgongo, ndiye aliyekuwa akisimulia hayo ndani ya basi, amekaa wima kama aliyemeza ufagio, na mama asiyemjua aliyeketi kando yake alicheka hadi kilemba kikamlegea.

"Shemeji, hata mimi nilipasuliwa, na kila asubuhi nalala chali nainua nyonga. Skrubu zangu zimetulia tuli. Kwani wewe mazoezi hufanyi?"

"Yanafanyika."

"Na nani?"

Fundi akakohoa. "Mke wangu ndiye anayelala mkekani. Mimi nahesabu."

Binti wa kiti cha nyuma aliuma mtandio asicheke. Kuhesabu nako ni kazi.

"Naye anaendeleaje?"

"Kiuno kimekuwa cha kigoli. Juzi kabeba gunia la mkaa peke yake."

"Basi leo ungemleta yeye!"

"Usinicheke, dada yangu. Leo mtaalamu wa mazoezi ananipima. Nisipoinuka kitini bila kushikwa, hanipi ruhusa ya kurudi kwenye cherehani, na nyumbani nimechoka kuwekwa kama pambo."

Basi likakata kona, geti la hospitali likaonekana. Fundi akashusha sauti. "Nielekeze basi, dada. Nyinyi huwa mnainukaje?"

Mama akaitazama mikono ya fundi iliyong'ang'ania kiti cha mbele. Basi likasimama, na abiria wote wakainuka isipokuwa fundi.