Mikono Niliyoificha kwa Piko

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu hamjambo. Wenzangu wa asalaam aleikum nimewasalimia, na nyinyi wa Bwana asifiwe nimewasalimia pia, maana kwenye kikundi chetu hiki cha Lemara tunazikana wote na tunaozeshana wote. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Wanaonijua wanacheka, kwa sababu mimi dakika kumi huwa nazimaliza kwenye salamu.

Naomba kwanza muiangalie hii mikono. Nainyanyua ili na wa kule nyuma muone. Ni muda mrefu hamjaiona hivi ilivyo. Mlizoea kuiona na maua meusi mpaka karibu na kiwiko, na wengine mlikuwa mnanisifu kwamba huyu mama anajipenda. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa najipenda. Nilikuwa najificha.

Kazi yangu wengi mnaijua. Mama yangu aliletwa Arusha na ndoa, akitokea Tanga, na alikuja na ufundi wa kuchora hina na piko. Kwa asiyeijua, piko ni ule unga mweusi wa kupaka nywele. Tunaukoroga na maji kidogo, tunamchora bibi harusi mikono na miguu. Alinifundisha nikiwa binti, na nimewachora Waislamu, Walutheri na Wakatoliki, maana siku hizi hata sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, bila maua mikononi watu wanaona kuna kitu kimesahaulika. Kazi hiyo ni ya kumshika mtu mkono saa nzima, pengine mbili, unamwambia tulia mwanangu, usichezeshe kidole. Mtu asiyetaka kushikwa na wewe, huna kazi.

Doa la kwanza lilinitoka kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia, juu kidogo ya kucha. Ilikuwa mwezi wa saba, ule wa baridi ambao Mlima Meru hatuuoni wiki nzima. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele, jeupe. Nikadhani mafuta ya maandazi yameniunguza. Mwezi uliofuata yakawa matatu, halafu likatoka lingine pembeni ya mdomo, na hilo la mdomoni nikashindwa kulisingizia maandazi.

Hapo ndipo nilipojua mtaa wetu una madaktari wengi. Jirani mmoja aliniambia ni fangasi, akanipa dawa ya kupaka, nikapaka mpaka kopo likaisha. Mwingine akasema hiyo ni mbalanga, inatokana na kula samaki na maziwa pamoja. Nikaacha samaki, nikaacha na maziwa, nikabaki na njaa tu. Mwingine akasema nimefanyiwa na wachoraji wenzangu. Nilisugua kwa ndimu, nilisugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Na kuna mmoja, Mungu amsamehe, alinishauri nitafute mkorogo nijichubue mwili mzima ili rangi zilingane. Huyo yumo humu ndani. Simtaji, ila naona anaangalia chini.

Mpaka hapo nilikuwa bado nacheka. Kilichonimaliza ni neno la shangazi yangu. Alikuja kunisalimia, akanishika kidole, akakitazama, akakiachia taratibu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kuona kitu kama hicho kwa ndugu yetu mmoja zamani, na ulikuwa ukoma. Yule ndugu alijengewa kibanda chake na kupewa sahani yake, na watoto wakakatazwa kupita upande ule. Hakusema kwa ubaya. Lakini alipoondoka nilikaa pale pale kwenye mkeka mpaka chai ikapoa.

Mtaniuliza, kwa nini hukwenda hospitali? Niliogopa kuambiwa. Niliona bora nisijue.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa la fundi. Mwingine angevaa mikono mirefu. Mimi nilikuwa na piko ndani. Nikachora ua juu ya doa la kwanza, nikachora jani juu ya la pili, na nilipomaliza hata mimi mwenyewe sikuliona doa. Niliona nimepata akili kuliko wote. Piko ikififia baada ya siku kadhaa, narudia. Doa likitambaa, naongeza ua. Baadaye mikono ikaanza kuwasha, ikatoka malengelenge madogo, nikasema labda unga huu ni mkali, nikabadili duka. Miaka yote hiyo naijua piko, na sikuona kwamba mabaka yananifuata palepale ninapoipaka.

Nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Mimi, mume wangu, binti yangu na mwanawe, mjukuu wangu wa miaka minne. Baada ya lile neno la shangazi nikajitoa. Nikasema nina presha, nimeambiwa chakula changu kiwe peke yake. Nikawa nakula jikoni, kwa kijiko, kwenye bakuli ambalo nilikuwa naliosha mwenyewe na kuliweka mbali. Mjukuu wangu alizoea mimi ndiye nimlishe, tonge kwa mkono. Siku moja akaja jikoni akafungua kinywa, nikampa kijiko. Akakikataa, akalia. Na mimi nililia, ila mimi nilikuwa na vitunguu vya kusingizia.

Mama mmoja hapa mbele ananiangalia, najua anachotaka kuuliza. Kama uliogopa kumwambukiza mjukuu, mabibi harusi hukuwaogopea? Nilikuwa navaa glavu za mpira, nawaambia ni usafi wa kisasa. Naona aibu kulisema hili mbele yenu. Lakini nikiliruka, nitakuwa nimewadanganya.

Basi, nikaitwa kule Engutoto kumchora binti ambaye sendofu yake ilikuwa kesho yake. Nyumba imejaa wanawake, wengine wanachambua mchele, wengine wanajaribu nguo. Nikamaliza mkono mmoja, na kwa kweli ulikuwa mzuri. Ila ndani ya glavu malengelenge yalikuwa yamepasuka, glavu imegandia ngozi, siwezi tena kushika vizuri. Nikageukia ukutani, nikaivua nibadilishe. Ikatoka na piko, ikatoka na ngozi. Mama wa bibi harusi alikuwa anapita na birika la chai, akaona mkono mzima, mweupe na mwekundu.

Akaweka birika chini. Akasema, "Mama, naomba uishie hapo."

Basi. Hakupiga kelele. Hakuna aliyenitukana. Walinifungia hata pilau niende nayo nyumbani. Ndugu zangu, wangenitukana ningepata cha kujibu. Nilikusanya vitu vyangu, binti wa watu amekaa pale mkono mmoja una maua na mmoja hauna, na wote kwenye kile chumba wanatazama pembeni.

Nilikuwa nimeshafika getini niliposikia naitwa. Alikuwa dada yake mkubwa bibi harusi, ambaye ni nesi hapa mjini. Akaniambia nimwonyeshe mikono. Nikaificha kwenye kanga. Hakubishana na mimi, aliingiza mkono wake ndani ya kanga akanishika, kiganja kwa kiganja, bila glavu. Miezi minane hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono, kwa sababu mimi mwenyewe sikumruhusu mtu. Nikaegemea geti.

Aliniuliza napaka nini, nikamwambia piko. Tangu lini, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akasema Jumanne ni kliniki ya ngozi, nije, atanisubiri mapokezi. Na jioni ya Jumatatu akanipigia simu kuhakikisha kwamba sijatoroka. Alinijua. Nilikuwa nimeshapanga kutoroka.

Jumanne hiyo, tukiwa kwenye benchi, akanipa habari. Mdogo wake alikataa kuletewa mchoraji mwingine. Aliingia ukumbini na mkono mmoja wa maua, watu wakimuuliza anasema ndiyo fasheni. Nilicheka mpaka wagonjwa wengine wakanitazama. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Daktari alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Akaniamkia shikamoo, akanikalisha. Alizima taa, akanimulika kwa taa ya rangi ya zambarau, akaona na madoa mengine ambayo mimi sikuwa nayajua. Halafu akaniambia nifumbe macho. Akachukua kipande cha pamba, akawa ananigusa nacho kidogo kidogo, na mimi niseme nikisikia. Kidoleni, nasikia. Kwenye kifundo, nasikia. Pembeni ya mdomo, nasikia. Sikujua anatafuta nini, nilikuwa najibu tu.

Akasema, "Mama, fumbua macho. Baka la ukoma mara nyingi hufa ganzi. Wewe umesikia kila nilipogusa. Huu si ukoma. Unaitwa vitiligo, na hauambukizi mtu yeyote."

Nilimuuliza mara tatu. Mara ya tatu nikamuuliza hivi, hata nikila sinia moja na mjukuu wangu?

"Hata ukimlisha kwa mkono," akasema.

Nililia pale, na safari hii sikuwa na kitunguu.

Akanieleza, na nitawaeleza alivyonieleza. Kwenye ngozi kuna chembe zinazotengeneza rangi yetu. Mwili wenyewe, kwa sababu ambazo hata wao hawajazimaliza kuzijua, unazigeuka chembe zile na kuzishambulia kama adui. Zikifa, pale panabaki peupe. Si uchawi, si samaki na maziwa, si laana ya ukoo. Na ngozi ya mtu mwenye tatizo hilo ukiisugua au kuichubua, unaweza kuleta baka jipya. Mimi na jiwe langu la miguu! Kisha akaichukua ile piko niliyokuja nayo kwenye mfuko. Akasema hii dawa nyeusi iliyo ndani inaunguza watu wengi, na kwa baadhi yao inaua hizo hizo chembe za rangi. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa.

Akaniambia na hili, nami nalifikisha kwenu kwa sababu huenda kuna mwenye hofu kama yangu. Hata ingekuwa ukoma, una dawa, unapona, na mtu akishaanza dawa hamwambukizi mwenzake. Kwa hiyo hata yule ndugu yetu wa zamani, laiti angezaliwa siku hizi, asingehitaji kibanda.

Nilirudi nyumbani mchana, nikamkuta mume wangu uani anasuka kiti cha kamba. Nikamweleza yote, toka doa la kwanza. Yeye si mtu wa maneno. Aliendelea kuvuta kamba, akafunga fundo, ndipo akasema, "Madoa niliyaona zamani. Mimi nilidhani umenichoka."

Akina mama, miezi minane yule mzee anakula akiangalia mlango wa jikoni, anajiuliza amenikosea nini. Na mimi kule jikoni najiona ndiye ninayemlinda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mabaka yenyewe.

Matibabu hayakuwa ya siku mbili. Walipima damu kuangalia tezi ya shingo, maana wakati mwingine ugonjwa wa tezi hiyo na vitiligo huenda pamoja. Nilipewa dawa ya kupaka, na mara mbili kwa wiki nasimama kwenye mwanga wao maalumu, dakika chache tu. Juani natembea na mtandio na mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa pale peupe panaungua upesi. Miezi mitatu sikuona kitu, nikataka kuacha, nesi wangu akanigombeza. Mwezi wa nne, pembeni ya mdomo, vikaanza kutokea vidoti vya kahawia, kama ufuta juu ya mkate. Vikaongezeka, vikaungana. Leo usoni mnaniona, anayejua baka lilikuwa wapi aje anionyeshe.

Vidole havijarudi. Daktari alinieleza mapema kwamba vidole ni vikaidi, huenda vikabaki hivi. Nimekubali. Siudhiki tena nikivitazama, na siku nyingine nasahau kabisa kama vipo hivyo. Piko nimeiacha, kwangu na kwa wateja. Nachora kwa hina ya majani ninayoisaga mwenyewe, na kabla sijaanza naweka mikono yangu mezani, namwambia mtu hii ni vitiligo, haiambukizi, ukitaka kaa, usipotaka nitakuelekeza kwa mwingine na hatutagombana. Wapo wanaoondoka. Wengi wanakaa.

Namshukuru yule nesi, namshukuru daktari, namshukuru mume wangu na kiti chake cha kamba. Nawashukuru nyinyi mliokuja kunitafuta nilipoacha kuja vikaoni, mkakuta nimefunga mlango, mkaniachia unga dirishani bila kunisema. Shangazi yangu nimemwendea, nikampeleka na yeye akaelezwe, maana alikuwa akinihurumia kwa kitu ambacho sina. Na ombi langu kwenu ni dogo. Mkimwona mtu ana doa, msimpe jina la ugonjwa. Mpelekeni kliniki ya ngozi, na mkiwa njiani mshikeni mkono.

Nakaa sasa, mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili. Ila Jumamosi msinitafute, nina bibi harusi kule Ngaramtoni. Mama yake alikuja nyumbani, akaitazama mikono yangu vizuri, upande huu na upande huu, akauliza maswali yake yote. Kisha akasema niwahi kufika, kwa sababu na yeye anataka kuchorwa.