Saa ya Mke wa Soli

Benchi lina miguu mitatu na tofali. Upande wa tofali hukaa Soli, fundi viatu. Katikati Betri, fundi simu. Mwishoni Daktari, aliyewahi kufagia duka la dawa kwa miaka miwili. Mimi nawauzia kahawa. Nina watoto wanne na masikio mawili, yote yamechoka. Siku hiyo Soli alikuja na kipande cha ngozi alichoandikia tarehe kwa chaki. Mkewe alikuwa amezawadiwa na mdogo wake wa kike saa ya kupima mapigo ya moyo. Simu ya mke ni ya vitufe, basi Betri akaiunganisha saa na simu ya Soli. Sasa Soli anausoma moyo wa mkewe kila asubuhi, na mke mwenyewe hana habari.

— Tazameni, alisema Soli. Nafasi kati ya pigo na pigo hubadilikabadilika, mara ndefu, mara fupi. Ndio uzima. Zake zikifika tarehe hizi zinabana kama kiatu cha kuazima. Na wiki hiyohiyo ukimwuliza chumvi iko wapi, unaulizwa wewe akili yako iko wapi.

— Presha, alisema Daktari.

— Presha gani inakuja na kuondoka kama mgeni?

— Basi ni mtu, alisema Betri. Dalili ya mvua ni mawingu. Kuna dereva wa lori anapita hapa kila mwezi.

— Dereva!

— Au ile taa ya kijani chini ya saa, alisema Daktari. Inamfyonza damu taratibu. Mficha uchi hazai, avue saa.

— Mimi nabaki na dereva, alisema Betri. Tena wa mizigo mizito.

— Leo atanitajia jina, au aende kwa mama yake, alisema Soli.

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshafunga sanduku lake la misumari, na saa nne haijagonga. Nikafungua mdomo niseme, kumbe shemeji yake, yule mtoa saa, amesimama nyuma yao na kiatu kilichong'oka kisigino.

— Shemeji, moyo wa dada yangu unasomewa benchini?

Soli akakifunika kipande cha ngozi kwa kiganja.

— Haya. Mwezi uliopita siku zake zilianza tarehe ngapi?

Soli akamtazama Betri. Betri akamtazama Daktari. Daktari akakitazama kisigino.

— Miaka kumi na mmoja ya ndoa! Wiki ya kabla ya hedhi moyo wake hubana, na hasira hukaa mlangoni. Si kila mwanamke, ila yeye ndivyo alivyo tangu utotoni tukilala kitanda kimoja. Damu ikishatoka siku mbili, anaimba. Hujamsikia?

— Kuimba namsikia, alisema Soli.

Akaisogeza ngozi karibu, akahesabu siku kwa kidole. Ishirini na nane. Ishirini na saba. Ishirini na nane.

— Hakuna lori linalofika kwa wakati hivyo, alinong'ona Betri.

— Mama, niongezee kahawa, alisema Soli.

— Imeisha. Nenda kamchemshie mkeo maji ya kuoga, umwambie simu inayomsoma ni yako.

Birika lilikuwa nusu.