Chupa Ilivuja, Nikanyamaza

Wakubwa wote shikamooni, na ninyi wadogo zangu hamjambo. Mnanijua, nikipewa nafasi ya kusema sikai upesi, kwa hiyo anayenyonyesha anyonyeshe kabisa.

Ndugu zangu, msimu uliopita wa kupanda mahindi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nikiwa shambani nikasikia maji yananitoka. Si mengi, ila hayakomi. Nikajua huu si mkojo. Nimezaa wawili, chupa ikipasuka naijua. Lakini uchungu haukuja. Nikachana kanga kuukuu, nikajifunga vitambaa, nikaendelea na jembe.

Ninyi mliohamishiwa kazi huku Mbulu mtaniuliza, kwa nini hukusema? Ngoja niwaambie. Kwetu zamani, mama akipoteza mimba, nyumba yake ilitengwa, eti ina mkosi. Hakuna kutembelewa, hakuna kuchota maji na wenzako, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa jirani. Miezi na miezi. Siku hizi tunasema tumeacha, tumeokoka. Jamani! Mdomo umeacha, miguu bado. Nilimwona jirani mmoja alipopoteza mtoto, watu walivyobadili njia. Na sisi huku tunalimiana kwa zamu. Nikajiuliza, wakitukwepa wakati wa kupanda, watoto watakula nini? Hata mume wangu sikumwambia.

Homa ikaja. Nikameza dawa ya malaria, maana kwetu kila homa ni malaria. Haikusaidia kitu. Tumbo likawa linauma hata likiguswa na nguo. Na yale maji, mnisamehe wazee, yakaanza kunuka. Mtoto akapunguza kucheza. Hapo niliogopa, sitawadanganya.

Kesho yake asubuhi, bado niko kitandani, mama mkwe akaingia kuazima ungo. Akasimama, akanusa, akafunua blanketi.

"Tangu lini?"

"Mama, naomba usiwaambie watu."

Akaketi chini, akalia. Mama huyu sikuwahi kumwona akilia. "Mtoto wangu wa kwanza alitoka hivi hivi," akasema, "na harufu hii hii. Wakanifungia ndani kama ndama mgonjwa. Hakuna aliyenipa hata pole. Wewe sikufungii. Amka!"

Weee! Akatoka uani akapiga yowe. Waliokuwa wanalima kwa jirani wakaja mbio, mume wangu mbele yao. Waliposikia ni habari ya mimba, wengine wakarudi nyuma, wakasimama kando ya ua. Mama akawaambia, "Mtoto bado yuko hai. Anayeogopa aogope, lakini mwenye gari alete gari!"

Halafu mmoja, anayebeba vitunguu saumu kwa pikapu yake, akaenda kuiwasha. Wakanibeba. Nawaambieni, wakanibeba watu wale wale niliokuwa nawaficha.

Tulipofika hospitali ya Haydom, nesi akanipima homa, akasikiliza moyo wa mtoto, ukawa unakimbia mno. Daktari akasema bakteria wameingia kwenye maji anamokaa mtoto, maana chupa ikishavuja mlango uko wazi. Nisipojifungua upesi, tutaondoka wote wawili. Wakaniwekea dawa kwenye mshipa, wakaniwekea na dripu ya uchungu. Mtoto wa kike akatoka mdogo, amelegea. Wakakimbia naye kumpa hewa, na yeye akachomwa sindano zake. Mama mkwe alikaa nje ya chumba walichompeleka mtoto, chakula hataki, maji hataki, mpaka nesi alipotoka kumwambia, "Bibi, mjukuu wako ananyonya." Akauliza, "Ananyonya kweli?" Akarudia kuuliza mpaka nesi akacheka.

Nawashukuru manesi na daktari. Namshukuru mwenye pikapu, na nyote mliomaliza kupanda shamba letu nikiwa nimelazwa. Ndiyo, mlipanda! Nilikuwa nimewahukumu bure.

Kinamama, maji yakivuja kabla ya wakati, hata kidogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri uchungu, usisubiri homa. Na mwenzetu akipoteza mtoto, tuingie kwake tukakae naye.

Mama mkwe wangu yuko pale nyuma, amejifunika uso kwa kanga, mtoto yuko mapajani. Mtoto wake wa kwanza hakuna aliyemlilia. Imepita miaka mingi, najua. Naomba tusimame sote, tumwendee mmoja mmoja. Naanza mimi. Pole, mama. Pole sana kwa mtoto wako.