Mgeni Mmoja wa Jioni

Kijiwe chenyewe ni mataruma mawili ya reli ya zamani, yamelazwa juu ya mawe nyuma ya stesheni kuukuu ya Voi, ambako abiria hawashuki tena tangu reli mpya ipite kwingine. Hapo ndipo Immaculate huweka jiko lake kila alasiri, birika la kahawa tungu juu yake na sahani ya kaimati kando, na hapo ndipo mambo yote ya dunia huamuliwa kabla jua halijazama nyuma ya milima ya Taita. Mwenyekiti ni Hudson, karani mstaafu wa reli, ambaye wote humwita Stesheni, mtu asiyewahi kushindwa na swali. Jirani yake ni Wabwire, aliyetoka Busia akiwa kijana kuja kukata mkonge na hajarudi hadi leo. Huyo ni Mkonge, na huamini kila neno mara tu linapomtoka mdomoni. Siku hiyo waliyembana katikati yao alikuwa Ronald, aliyebatizwa Ziara wiki hiyo hiyo.

Jina lilikuwa na sababu. Ronald alikuwa dereva wa watalii mbugani mpaka loji yake ilipopunguza watu. Baada ya hapo akalinda geti la ranchi moja huko Ndara, akiwafungulia madereva wenzake wa zamani, nao wakipita na wageni wao wakimpungia mkono. Jua hakulijali, kule kupungiwa mkono ndiko kulikomchoma. Basi akaacha geti, akatangaza kwenye simu yake ziara ya faragha ya jioni, kwa miguu, katika mji wa kihistoria wa Voi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha jana yake mtu mmoja akaagiza: mwanamke, jina Ndanu, peke yake, wakutane hapo hapo kijiweni. Mkubwa wa geti alikuwa amemwekea Ronald nafasi yake hadi Jumatatu, na Shanice, mkewe, alikuwa amesema maneno machache tu: hii ikishindikana, urudi getini bila kelele.

— Sasa, Ziara, — Stesheni akaanza, akipuliza kikombe, — huyo mama wa watu utamwonyesha nini?

— Hii stesheni. Makaburi ya vita. Soko. Halafu tutafute mahali tuangalie mlima wa Sagalla ukibadilika rangi.

— Hiyo ni matembezi ya mtu ameshiba ugali. Historia iko wapi?

— Kwani hiyo si historia?

— Mombasa wako na ngome. Lamu wako na milango ya kuchongwa. Wewe utasimama hapa umwambie “hii ni stesheni”? Si yeye pia ana macho?

Asubuhi, mbele ya kioo, mpango wa Ronald ulikuwa umemtosha kabisa. Sasa ulianza kumpwaya kama suruali ya kuazima.

— Mwambie Voi ni mkubwa kwa Mombasa, — Mkonge akashauri.

— Kwa watu?

— Kwa umri! Mombasa ni bandari, sivyo? Bandari ni mlango. Ulionea wapi mtu anajenga mlango kabla ya nyumba? Nyumba ilikuwa Voi. Mlango ukawekwa baadaye.

— Mkonge, — Immaculate akasema bila kugeuka, — mimi nilikupea kahawa tu, sijui hiyo ingine ulipewa na nani.

— Mwache, anaongea ukweli, — Stesheni akamtetea. — Na usisahau simba. Kila mtu anasifia simba wa Tsavo, ati walikula watu wa reli. Tsavo ilikuwa branchi! Hedikota ilikuwa hapa. Hao simba walikuwa wanapanda gari moshi jioni, wanafanya kazi huko, asubuhi wanarudi Voi kulala.

— Na tiketi?

— Wewe Immaculate, ungekuwa kondakta ungemwitisha simba tiketi?

Hapo hata Ronald alicheka. Hiyo aliipenda. Aliiona kabisa jinsi mgeni angefunika mdomo kwa mkono, kisha aende kuwasimulia wenzake.

— Hata hiyo vita ya kwanza ya dunia, — Mkonge akaendelea, maana hapendi kuachwa nyuma, — ilianzia hapa Taita.

— Si Ulaya? — Ronald akauliza.

— Ulaya walisikia. Barua ilichelewa. Kufika huko, hapa watu walikuwa washapigana wamechoka.

— Na handaki je? — Stesheni akashusha sauti, akatazama huku na huku kama mtu anayefuatwa. — Kuna handaki chini ya hii taruma nimekalia. Linatokea Taveta. Limejaa dhahabu ya Wajerumani.

— Mbona hujawahi kuchimba? — Immaculate akauliza.

— Nimestaafu.

Walicheka wote, Stesheni peke yake akabaki na uso wa kazi. Akamgeukia Ronald, akamwekea mkono begani.

— Sikiza, kijana. Mgeni akikuuliza kitu, mjibu kabla hajafunga mdomo. Ukikohoa tu, ameshajua. Mimi nimekaa dirisha la tiketi maisha yangu yote, watu wananiuliza gari iko wapi. Sijawahi kusema sijui. Nilikuwa nasema iko Kibwezi.

— Na ilikuwa Kibwezi?

— Saa zingine.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja wa makamo, viatu bapa, mkoba mdogo mgongoni, akasalimu, akaomba kahawa, akakaa mwisho wa taruma la pili. Immaculate akampa kikombe na kaimati mbili. Hakuna aliyemtilia maanani. Watu hupita hapo kila saa wakikata njia kwenda sokoni. Tena Ronald alishapandwa na mori. Maneno ya Stesheni yalikuwa yamemwingia vizuri, akaona kumbe kazi yenyewe ni sauti na kifua. Akasimama mbele ya kijiwe, akavuta kofia, akaanza kufanya mazoezi.

— Mgeni wangu mpendwa, karibu Voi, mama wa miji yote ya pwani na bara! Mombasa ni mlango, hapa ndipo nyumbani. Hapa ulipokanyaga, simba walipanga foleni wakingoja gari moshi la jioni. Vita vya dunia vilipoanzia hapa, Ulaya walipata habari kwa barua. Na chini ya miguu yako, usitikisike, kuna dhahabu ya Wajerumani kutoka hapa hadi Taveta!

Mkonge alipiga makofi. Stesheni alitikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika.

— Wewe ndiye Ronald? — yule mwanamke akauliza.

Kofia ilimshuka mkononi yenyewe.

— Ni mimi, dada.

— Mimi ni Ndanu. Nimefika mapema. Endelea, ulikuwa umefika kwa dhahabu.

Ronald aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Lakini mama huyo hakuonekana kukasirika. Alikuwa akitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka na safari. Stesheni, ambaye aibu haimjui, akadaka nafasi.

— Karibu sana, mama. Hapa umefika kwenyewe. Uliza chochote, huyu kijana anajibu.

— Nina swali moja tu, — Ndanu akasema, akishika kikombe kwa mikono miwili. — Babu yake mama yangu alichukuliwa kwetu Ukambani wakati wa ile vita ya Waingereza na Wajerumani. Hakuwa askari. Alibebeshwa mizigo. Tunajua alifika Voi, kwa sababu mwenzake alirudi nyumbani akasema walitenganishwa hapa. Yeye hakurudi. Aliitwa Musyimi. Nataka kujua amezikwa wapi.

Mkonge alitazama ndani ya kikombe chake kama aliyeona kitu kimezama humo. Immaculate aliacha kupepea jiko. Stesheni ndiye aliyekohoa, akasahau mafunzo yake mwenyewe.

— Huyo... huyo yuko pale makaburi ya vita, — akasema. — Mstari wa nyuma, upande wa ua. Ziara atakupeleka.

Macho ya Ndanu yakamhamia Ronald, yakangoja.

Ronald aliyajua yale makaburi. Wiki hiyo alikuwa amekwenda huko kujiandaa, akapita jiwe moja moja akisoma. Hakuna jiwe lenye jina la Musyimi. Mawe aliyoyasoma yalikuwa ya askari. Lakini aliijua pia pembe moja yenye nyasi tupu, safi, isiyo na jiwe lolote. Angemsimamisha hapo, avue kofia, ainamishe kichwa. Ingetosha. Mgeni angelia, angeshukuru, angerudi na jamaa zake, na Jumatatu geti lingetafuta mtu mwingine. Aliitaka kazi hiyo. Aliitaka vibaya sana.

Kilichomzuia ni babu yake. Kwao Mwanda kulikuwa na pango ambamo wazee wa ukoo waliweka mafuvu ya waliowatangulia, kabla ya kanisa na makaburi ya saruji. Ronald alipelekwa huko mara moja, akiwa mdogo. Babu alisimamisha watu mlangoni, akamtaka kila mmoja ataje jina lake na la baba yake, ndipo wakaingia. Kisha akapita kwa fuvu moja moja akitaja majina. Alipofika kwa moja alisimama sana, akasema huyu simjui, akamsalimu hivyo hivyo, akasonga mbele. Hakumpachika jina. Walipotoka Ronald alimuuliza kwa nini hakutaja tu jina lolote, nani angejua. Babu alimtazama mpaka mtoto akaomba msamaha bila kujua kosa.

— Hapana, mzee, — Ronald akasema. — Hayuko hapo.

— Ziara! — Stesheni akanong'ona kwa ukali.

— Nimesoma mawe ya pale moja moja. Ni ya askari. Jina lake halipo. — Akamgeukia Ndanu. — Dada, sitakudanganya. Sijui alizikwa wapi. Na hapa hakuna mtu anajua.

Alipoyasema aliiona Jumatatu ikimjia, na geti, na mikono ya madereva ikipunga. Iliuma kweli kweli. Lakini sauti yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

— Naweza kukuambia ninachojua, — akaongeza. — Mizigo ya hiyo vita ilishukishwa hapa stesheni. Kutoka hapa ndipo walianza kujenga reli ya kwenda Taveta, na wapagazi walikuwa wanaenda huko huko na mizigo yao. Hiyo njia bado iko, naijua vizuri, nimeitembea tangu utoto. Naweza kwenda na wewe jioni hii mpaka pale ndovu wanaanza kuvuka, tugeuke kukiwa bado na mwanga. Kama alipita kwa miguu, alipita hapo ama karibu na hapo. Hiyo ndiyo niko nayo. Kaburi sina.

Ndanu akala kaimati moja polepole, akafuta vidole.

— Nimeshaonyeshwa makaburi yake matatu, — akasema.

— Matatu? — Mkonge akaruka. — Ya mtu mmoja?

— Ya mtu mmoja. Kila tulipoenda tulipata mtu anajua sana. Wa kwanza alitupeleka kando ya barabara, wa pili nyuma ya maduka. Wa tatu alituonyesha lundo la mawe kwenye shamba. Na kila mahali mama yangu alipiga magoti, akamsalimia babu yake, akalia. Hapo kwa lundo la mawe alilia mpaka mwenye shamba akaja mbio. Akatuambia ni mawe alitoa mwenyewe akilima, mwaka jana.

Hakuna aliyecheka. Immaculate alishika shavu.

— Mama ako wapi saa hii? — akauliza.

— Hapo mjini, gesti. Nilimdanganya naenda sokoni. Nilitaka nije peke yangu kwanza, nisikie kama nitaonyeshwa la nne. Hawezi kulia tena kwa mawe ya mtu. Ama mimi ndiye siwezi kumwona akilia.

Stesheni alivua miwani. Aliifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

— Mama, — akasema, — ile ya mstari wa nyuma nilisema tu. Unisamehe.

— Nilijua, baba, — Ndanu akajibu, bila ubaya. — Ulikohoa kwanza.

Ronald alikuwa bado amesimama na kofia mkononi.

— Mama yako anaweza kutembea? — akauliza.

— Polepole.

— Basi tumpitie. Njia ya reli haina mlima. Tutaenda kwa mwendo wake, na akitaka kukaa tunakaa.

Ndanu akatoa simu, akapiga, akageukia upande wa milima, na kijiwe chote kikasikia upande wake tu wa mazungumzo.

— Mama, vaa viatu vyako, tunakuja kukuchukua. ... La, sikuenda sokoni. ... Hapana, mama, hakuna kaburi. Tutatembea tu, njia aliyopita. ... Ndiyo, niko na mtu wa hapa. — Akasikiliza kwa muda mrefu, mkono ukiwa machoni. — Ndiyo, mama. Nimemuuliza. Amesema hajui.