Mashine Iliyopewa Tarehe Moja Januari

Mgeni rasmi, Bwana Lomuria kutoka Lodwar, mwalimu wetu Gervais, na kina mama wenzetu, tunawasalimu kwa Kiturkana: ejok.

Mgeni wetu, umefika kwenye jua hili, na ulipopewa kiti cha kivulini ukakataa kukaa mpaka wajawazito wakae kwanza. Tumeliona hilo na tunakushukuru.

TULIKOANZIA
Sisi ni wanawake wa darasa la kusoma hapa kambini Kakuma. Tulipoanza, wengi wetu tulikuwa tunaweka alama ya kidole. Sasa tunaandika wenyewe ujumbe wa kutafuta jamaa zetu, kwa kompyuta ya msaada inayotumia programu iitwayo Linux. Kila mwezi ofisi yenu ya Lodwar huuchukua kwa disketi na kuupeleka kambi nyingine. Kwa njia hiyo mwenzetu Immaculée alimpata dada yake.

SHIDA YETU
Tangu mvua za mwaka huu wa 1998, kompyuta ikiwashwa hutoa onyo kwamba faili zina tarehe ya siku ambazo hazijafika. Tulidhani ni salamu zake, tukawa tunabonyeza na kuendelea. Mwalimu Gervais alikaa nasi bila kutucheka, akatueleza. Betri ndogo ya saa iliyo ndani imekufa. Jenereta ikizimwa, kompyuta inasahau mwaka na kurudi tarehe moja Januari 1980. Faili zilizoandikwa zamani zinaonekana kama za kesho.

Mwenzetu Nyaruach akasema, "Basi nayo imeandikishwa kama sisi. Hata mimi sikujua siku niliyozaliwa, nikapewa moja Januari."

"Wangekupa na themanini, mama," mwalimu akamjibu, "leo ungekuwa msichana wa kuposwa."

Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Disketi huchukua faili mpya tu na kuacha za zamani. Nyanya mmoja kati yetu, Adhel, aliugua sana kabla ya mvua hizo akapelekwa hospitali Lodwar. Tulimwandikia mjukuu wake Adhieu, aliye kambini Uganda, kwamba hali ni mbaya. Baadaye Mungu akamponya, na Adhel akamwandikia kwa vidole vyake: nimepona. Ujumbe huo ulipata tarehe ya 1980, ukaachwa.

Juzi jibu la Adhieu limefika. Anauliza nyanya yake amezikwa upande gani wa Kakuma, ili akija asipotee.

Adhel ndiye anayekusomea risala hii.

MAOMBI
Tunaomba betri ya saa. Tunaomba pia kompyuta isichukuliwe kwa kudhaniwa ni mbovu. Leo asubuhi mwalimu ameisahihisha kwa kuangalia saa yake ya mkononi, akaupa ujumbe ule tarehe ya leo, na ilipowashwa tena bila jenereta kuzimwa, onyo halikutoka.

Lakini kama unaweza moja tu, betri ingoje. Disketi iko ndani ya bahasha hii. Barua ya karatasi tulimpa dereva wa lori na hatujasikia neno. Tafadhali ishike mwenyewe mpaka Lodwar, na usiondoke mpaka uone ujumbe umetumwa. Mtoto analia msiba ambao haupo.

Mungu akufikishe, uwakute wako wote wazima.

Ni sisi, Kina Mama wa Darasa la Kusoma, Kakuma.