Saa Sita Kamili Nakufunga

KARANI: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Shikamoo, mzee. Mimi fundi wa kompyuta, wa pale ofisini.

KARANI: Marahaba. Sema haraka, binti, niko kazini.

FUNDI: Nakuona hapa kwenye mfumo. Umeingia saa mbili kasoro dakika tano, kama kila siku.

KARANI: Karani wa masjala hachelewi.

FUNDI: Mzee, ulistaafu miezi minane iliyopita.

KARANI: Mtandao wako unakwaruza.

FUNDI: Haukwaruzi, mzee wangu.

KARANI: Umetumwa na nani?

FUNDI: Sijatumwa. Ningetumwa ningepiga na simu ya ofisi, hili ni salio langu. Barua ya kufunga akaunti yako ilinifikia wiki ile ile uliyostaafu. Nikakuhamishia kwenye kundi la wanaosubiri. Kundi lenyewe lina mtu mmoja.

KARANI: Mimi.

FUNDI: Wewe. Sasa leo tunahamia seva mpya. Saa sita kamili, ile ya zamani inazimwa, na asiyehamishwa anapotea nayo. Bosi kapitia orodha mwenyewe, jina kwa jina. Wewe huhami.

KARANI: Na sasa hivi ni—

FUNDI: Sita kasorobo.

KARANI: Lakini kompyuta ninayo hapa mezani. Ni yangu, hakuna wa kuja kui—

FUNDI: Hiyo ni dirisha tu la kuchungulia. Mafaili, barua, kila ulichopanga, viko huku kwenye seva, mbele yangu. Nikizima, unabaki na kioo.

KARANI: Na zile herufi kubwa?

FUNDI: Nazo zinakwenda. Herufi asilimia mia na hamsini, kipanya cha mkono wa kushoto, mwanga mdogo. Mfumo ukijisasisha huwa unafuta mipangilio ya watu. Yako nairudisha mimi kwa mkono, kabla hujaingia.

KARANI: Nilidhani inarudi yenyewe.

FUNDI: Hairudi. Najua unatumia mkono wa kushoto na sura yako sijawahi kuiona.

KARANI: (Anakohoa.) Uko na nani hapo?

FUNDI: Na mafeni. Chumba cha seva hiki, baridi, nimevaa masweta mawili. Watu hunikumbuka kitu kikiharibika. Wewe hata siku moja hujalalamika. Asubuhi nikifungua orodha, jina lako ndilo la kwanza. Nasema moyoni, aa, mwenzangu kafika.

KARANI: Hukuwahi kusema.

FUNDI: Ningesemea wapi? Hebu niambie, unafanya nini humo siku nzima? Maana karata za kwenye kompyuta tumezizuia.

KARANI: Najua mmezizuia, nilijaribu. Naandika barua. Zina namba ya kumbukumbu na kila kitu. Yah: Mvua ya jana. Yah: Mjukuu kuota jino.

FUNDI: (Anacheka.) Zinakwenda kwa nani?

KARANI: Kwenye faili. Ngoja— (Sauti mbali na simu.) Niko kazini, mwanangu. Chai iache tu hapo mlangoni, asante. (Anarudi.) Ehe.

FUNDI: Huyo nani?

KARANI: Binti yangu. Naishi kwake, na kazi nilikuwa nafanyia humu chumbani tangu zamani.

FUNDI: Hajui?

KARANI: Anajua baba yuko kazini. Mtoto akilia anamtoa nje, asinisumbue.

FUNDI: Miezi minane, mzee?

KARANI: Siku ya kwanza nilisema nitamwambia jioni. Jioni akaniuliza kazi imeendaje leo, nikasema salama. Basi. Ikawa hivyo.

FUNDI: Uliogopa angekufukuza?

KARANI: Yule? Hata. Angenionea huruma. Mtu wa kazi anabishiwa hodi, binti. Mstaafu anaingiliwa tu. Anapakatishwa mtoto, anaulizwa kama amekula.

FUNDI: Mimi haniulizi mtu kama nimekula.

KARANI: Umekula?

FUNDI: Bado.

KARANI: Haya. Ukimaliza na mimi, ule.

FUNDI: Nitakula. Mzee, dakika zinakwenda.

KARANI: Kuna barua moja sijaimaliza. Yah: Kustaafu kwangu. Ni ya kwake. Kila asubuhi naifungua, nabadilisha neno moja, naifunga.

FUNDI: Kundi lako haliruhusiwi kutuma nje, lakini naweza kukuwekea ruhusa ya dakika kumi. Andika anwani yake, bonyeza, imekwenda.

KARANI: Aisome kwenye simu, jikoni, hatua tano kutoka hapa?

FUNDI: Si lazima umtazame akisoma.

KARANI: Nitakuwa nyuma ya mlango namsikiliza alivyonyamaza. Ndiyo nafuu hiyo?

FUNDI: (Mlio mfupi.) Salio langu hilo, linakaribia kukata. Ruhusa nimeshaiweka. Unatuma?

KARANI: Naona aibu, binti. Sina la kukuficha. Mtu mzima, nimevaa shati la kazi, nimefunga na vifungo vya mikono, nimekaa kitandani.

FUNDI: Unatuma, mzee?

KARANI: Hapana. Ziache zote, ziende na seva. Wewe nishikie tu simu. Usiseme kitu, ushike tu. Peke yangu siwezi.

FUNDI: Nimeshika.

KARANI: (Simu inawekwa mezani. Sauti ya mbali.) Mwanangu. Njoo kidogo... Hapana, chai iache, njoo wewe... Ingia, nimefungua... Siumwi. Kaa hapa pembeni yangu... Mlete na mtoto, hanisumbui. Sikiliza, mama. Mimi kazi sina. Sina tangu mwezi wa—

(Mlio mrefu. Laini inakatika.)

FUNDI: Haloo? Mzee? Haloo? (Mafeni.) Zimebaki dakika nne. Kwenye orodha bado unaonekana. Haya. Mimi nipo.